Kabichi Lazima Ilale

Katika parokia yetu, harufu ya kabichi ya Mirdza ikianza kutoka kwenye bomba la moshi, watu huvua kofia kwanza, halafu ndiyo huuliza nani kafa. Si kwamba hajui kupikia harusi. Ila tangu vijana wetu walipokimbilia Ayalandi kutafuta riziki, harusi zimekuwa za nadra, na kinachotukutanisha ni misiba. Mirdza, mjane wa nyumba ya Lejnieki pale chini ya kilima, amewalisha waombolezaji wa karibu kila kaburi lililochimbwa hapa tangu mama yake alipomwachia mwiko.

Wapo waliomtania. "Kufa kufaana," walisema wakimwona anapita na sufuria yake ya chuma juu ya toroli. Mirdza hakuwa mtu wa kununa. "Cheka tu," alijibu. "Siku yako ikifika nitakuwekea mifupa mitupu."

Kabichi yenyewe hakuna asiyeijua. Kila nyumba ina pipa lake stoo, kabichi imekatwakatwa, imepondwa na chumvi, jiwe limekaa juu, na kufikia theluji ya kwanza imechachuka kiasi cha kumkunja mtu uso. Husemwa kwamba la kuvunda halina ubani, lakini aliyesema hivyo hakuwahi kufunua pipa la Mirdza. Ya kila siku aliikaanga chapchap na kitunguu, ikaliwa na viazi, basi. Ya msiba ilikuwa habari nyingine. Hiyo iliwekwa jikoni asubuhi na kutolewa jioni, moto mdogo, mfuniko juu, na mbavu za nguruwe zilizokaushwa kwa moshi zikiyeyukia ndani yake. Na ikishaiva haikuliwa. Ilipelekwa kwenye baridi ikalale, ikapashwa kesho yake, ndipo mtu akaruhusiwa kuigusa.

Sheria hiyo aliipata kwa aibu. Alipokuwa msichana, mara ya kwanza kupika msiba peke yake, alichelewa kuwasha moto akaipakua siku ileile. Uchachu, chumvi na utamu vilikuwa bado vinagombana ndani ya sufuria. Wageni walionja, wakaisogeza pembeni mwa sahani kwa adabu, na mjane wa nyumba ile akaanza kulia upya, safari hii kwa fedheha. Mama yake alimvuta nyuma ya banda la kuni. Hakumpiga. Alimwambia, "Marehemu hana karamu nyingine baada ya hii. Kabichi lazima ilale." Tangu hapo Mirdza hakuwahi kupakua kabichi ya siku ya kwanza, kwa yeyote. Kuna mwaka mchungaji, mwenye misiba miwili siku moja, aliomba walau sahani ya kuondokea. Aliondoka na njaa yake.

Sasa habari ya Zenta.

Zenta alikuwa dada yake mkubwa. Hakuolewa. Alifanya kazi kiwanda cha maziwa mpaka kilipofungwa, akipima mafuta ya maziwa ya watu, na inasemekana ulimi wake uliweza kuyagandisha. Mume wa Mirdza alipofariki, Zenta alihamia Lejnieki na sanduku moja na kitanda chake. Wakaishi wawili hao, wakigombana kuhusu dirisha lifunguliwe au lifungwe, wakinuniana mpaka chai ya jioni, kisha wanasahau. Hawakuwa na mtu mwingine. Mirdza hakupata mtoto, na jambo hilo walikuwa wamekwisha kulizungumza na kulizika.

Mwaka ule, majani yalipoanza kuanguka, tumbo la Zenta lilianza kuuma. Hospitali ya mjini walimpasua, wakamtazama, wakamshona, wakamrudisha nyumbani. Kwetu mtu akirudishwa nyumbani haelezwi zaidi. Mpaka theluji inatulia chini, Zenta alikuwa amepungua mpaka kitanda kimemzidi, na chakula amekikataa. Uji, vijiko viwili, kisha anageuza uso ukutani. Supu hata hakuitazama. Muuguzi aliyekuwa akija na dawa za maumivu alimvuta Mirdza mpaka mlangoni akamwambia kwa sauti ya chini, "Usimlazimishe, mama. Lakini siku akikuomba kitu cha kula, chochote kile, mpe hapohapo." Mirdza aliitikia kwa kichwa. Alielewa vizuri kabisa.

Siku moja asubuhi, Mirdza akimbadilishia shuka, Zenta akasema, "Nina hamu na kabichi."

Mirdza nusura adondoshe mto. "Sasa hivi nakukaangia, dada."

"Nani kasema kukaanga? Nataka ile ya msiba."

"Dada, usianze."

"Naanza nini? Wee fikiria. Msiba wangu ukifika, parokia nzima itakuja kula kabichi yako. Yule mama wa duka atakula, na vile hajawahi kunipunja hata siku moja bila kunitabasamia. Jirani yetu Visvaldis atakula sahani tatu. Asiyekula ni mimi peke yangu. Hiyo ni haki kweli?"

"Haipikwi mtu akiwa hai. Ni kuyakaribisha mauti mezani."

"Mauti yameshaingia siku nyingi, Mirdza. Yamekaa kwenye kile kiti chako. Na wewe mwanamke mzima, mgeni yuko ndani hujampa hata chakula."

Mirdza alitaka kukasirika, akashindwa. Akacheka. Zenta naye akacheka mpaka akakohoa, na alipomaliza kukohoa alisema kwa sauti ndogo isiyo na utani ndani yake, "Nipikie, mdogo wangu. Nataka niionje nikiwa bado nina ulimi."

Mirdza alikwenda stoo, akafunua pipa, akaingiza mikono. Alisimama hivyo kwa muda mrefu, vidole vikifa ganzi ndani ya maji ya chumvi. Alikuwa anaogopa, maana ile miiko ya wazee hakuwahi kuivunja. Lakini zaidi ya hofu alikuwa na furaha, furaha ya kijinga, ya kutaka kumwambia mtu barabarani: ameomba chakula. Dada yangu ameomba chakula.

Akapika. Mlango wa chumba cha Zenta aliuacha wazi makusudi. Aliiminya kabichi bila kuiosha, maana anayeosha kabichi yake ni mtu wa kula majani tu. Akayeyusha mafuta ya nguruwe, akatupia vitunguu, akavingoja vigeuke rangi, akapanga mbavu, akafunika kwa kabichi, akamwagia mchuzi wa mifupa.

"Mbegu za kisibiti umesahau," sauti ikatoka chumbani.

"Sijasahau."

"Mbona sisikii harufu?"

"Pua yako imestaafu pamoja na wewe."

"Tia tofaa. Lile chachu, sio lile la kijani la dukani lenye ladha ya sabuni."

"Unataka kuja kupika wewe?"

"Ningekuja," alisema Zenta, "lakini leo nina wageni."

Mchana ukapita hivyo. Mirdza alikoroga, akaongeza kuni, akafunika, akaenda kumgeuza Zenta ubavu, akarudi kukoroga. Harufu ikajaa nyumba nzima, ikatoka nje, ikachukuliwa na upepo mpaka kwa majirani. Haikupita muda mwingi mlango wa mbele ukagongwa taratibu. Alikuwa Visvaldis wa nyumba ya pili, mzee wa peke yake, fundi wa mageti. Amevaa koti lake la kanisani. Kofia iko mkononi. Kwapani kabana mzigo wa matawi ya misonobari, yale tunayotandaza njiani jeneza linapotoka.

"Mirdza," alisema, macho chini. "Pole sana. Amekwenda saa ngapi?"

Kabla Mirdza hajafungua mdomo, sauti ikatoka chumbani. "Bado sijaondoka, Visvaldis. Futa miguu."

Nasikia mzee yule aligeuka rangi ya maziwa. Akaanza kuficha matawi nyuma ya mgongo, kisha nyuma ya mlango, kisha akawa hajui pa kuyaweka kabisa.

"Yaache hapo nje," Zenta alimwambia. "Kwa baridi hii hayaharibiki. Yatakusubiri."

Visvaldis aliketi kando ya kitanda mpaka jioni. Wakazungumza ya zamani, ya mbwa wake, ya barabara isiyotengenezwa, na Mirdza jikoni alisikia dada yake akisema maneno mengi kuliko aliyoyasema mwezi mzima. Alitia asali mwishoni, akaonja ncha ya mwiko. Imeiva. Akasogeza sufuria pembeni mwa jiko ipunguze moto.

Zenta aliusikia ule mkwaruzo wa chuma juu ya jiko. "Tayari hiyo," alisema. "Nipe kijiko."

Mirdza alisimama mlangoni, akifuta mikono kwenye aproni. "Haijalala, dada."

"Najua haijalala. Nipe hivyohivyo."

"Bado kali. Utaionja kesho asubuhi ikiwa imetulia. Nitakuletea mwenyewe kwenye sahani nzuri."

"Mpe, jamani," akasema Visvaldis. "Kijiko kimoja kina nini?"

"Wewe kaa na mageti yako. Mimi sijawahi kumpa mtu kabichi ya siku ya kwanza, nije nianze na dada yangu?"

Zenta alimtazama kwa yale macho yake ya kupimia maziwa. Kisha akalaza kichwa. "Haya. Mpishi kasema. Subira yavuta heri."

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hilo Mirdza alilijua pia. Watu waliosikia kisa hiki baadaye walisema ni kiburi cha mpishi. Kiburi kilikuwepo, sikatai. Lakini kulikuwa na jambo lingine ambalo hakumwambia mtu, na nadhani hata yeye mwenyewe hakulisema kwa maneno. Wakiwa watoto, wao na mama yao walipakiwa na askari kwenye behewa la ng'ombe wakapelekwa uhamishoni Siberia pamoja na nusu ya parokia. Huko kulikuwa na siku zisizo na kitu cha kula kabisa. Mama yao aliwalaza akiwaambia kesho kuna viazi, kesho kuna mkate, kesho, wanangu. Mara nyingi kesho haikuwa na kitu. Lakini waliamka ili waione. Watoto wengine katika kibanda kile, ambao mama zao walichoka kudanganya, hawakuamka. Mirdza alibaki na imani hiyo mifupani: mtu anayengojea chakula haondoki. Alipomwambia Zenta kesho asubuhi, alikuwa anamfunga kamba asiende.

Moto ukawa unapungua. Mirdza akachukua kikapu akaenda bandani kuleta kuni, na akakaa huko zaidi kidogo ya ilivyohitajika, mpaka macho yakauke. Aliporudi, Visvaldis alikuwa amesimama anafunga vifungo vya koti. Aliaga bila maneno mengi. Zenta alikuwa amefumba macho, uso umetulia. Mirdza aliifunika sufuria kwa kitambaa, akaibeba mpaka stoo, akaiweka juu ya sakafu ya mawe.

Asubuhi aliamka kabla ya mwanga, akawasha jiko, akairudisha sufuria motoni polepole. Ilipoanza kutoa mvuke alionja. Alifunga macho. Katika maisha yake yote ya kupikia wafu wa watu, hakuwahi kuipata hivi. Alitoa sahani ya maua, ile ya harusi yake, akapakua kidogo, akachagua kipande laini cha nyama, akaenda chumbani.

Zenta alikuwa anapumua, lakini pumzi zilikuwa zinatoka mbali, moja, kisha kimya, kisha nyingine.

"Dada. Imelala. Amka uonje."

Hakuamka. Mirdza alimpandisha kichwa kwenye mkono wake, akachota kijiko, akakigusisha midomoni. Midomo haikufunguka. Mchuzi ulitiririka kidevuni, naye akaufuta kwa aproni. Akajaribu tena, kidogo zaidi, kisha ncha tu ya kijiko. "Fungua, dada. Ni ile uliyoitaka. Nimeweka tofaa chachu." Aliketi na sahani magotini mpaka ikapoa. Akaenda kuipasha. Akarudi. Ikapoa tena. Alirudi jikoni kuipasha kwa mara nyingine, na alikuwa amesimama pale, akiangalia mvuke, pumzi za chumbani zilipokoma. Alisikia ukimya huo akauelewa, lakini alimalizia kupasha sahani kwanza. Aliogopa kuingia mikono mitupu.

Wanawake wa parokia walikuja, wakamwosha Zenta, wakamvisha. Laimdota, mke wa mchimba kaburi, aliingia stoo kutafuta sufuria ya Mirdza ili aanze kupika. Akaikuta imerudishwa kwenye baridi, imejaa. Alitoka akawaambia wenzake kwamba chakula kipo, na hakuna aliyeuliza kilipikwa lini. Walikuwa wote wamenusa.

Mazishi yalikuwa ya baridi kali. Matawi ya Visvaldis yalitandazwa kutoka mlangoni mpaka barabarani. Kisha watu wakarudi Lejnieki, viatu vikaachwa kibarazani, meza zikaunganishwa. Kwa mara ya kwanza tangu azike mume wake, Mirdza hakusimama jikoni. Mfiwa hapiki. Walimkalisha kwenye kiti cha heshima mezani, wakamwekea sahani kama mgeni, naye hakujua aweke wapi mikono.

Watu walikula. Walikula kwa kimya kwanza, kisha wakaanza kusogeza sahani waongezewe. Mama wa duka alisema hajawahi kula kabichi kama ile. Mchungaji alipanguza sahani kwa mkate mweusi. "Mama Mirdza," Laimdota alimnong'oneza akipita na bakuli, "hii imezishinda zote." Mirdza alisema asante. Sahani yake ilikuwa haijaguswa.

Visvaldis alikuwa amekaa karibu naye. Alikula sahani moja, akasukuma uma pembeni. Alipikicha ukingo wa kitambaa cha meza kwa vidole vyake vinene mpaka Mirdza akamgeukia.

"Nina neno," alisema. "Limenikaa hapa, halishuki. Siku ile, ulipokwenda kuni."

"Enhe."

"Niliingia jikoni kwako. Nikafunua sufuria. Nilichota kijiko kimoja, nikampelekea."

Mirdza alimshika mzee mkono mbele ya watu wote. Kuibiwa. Aliibiwa! Hajawahi kufurahia kuibiwa maishani. "Akala?" aliuliza. "Visvaldis, akala?"

Mzee alitazama meza. "Alikinusa. Alikinusa kwa muda, amefumba macho. Nikamwambia, kula, nani atajua. Akasema, 'Rudisha.'"

Mirdza hakuuachia mkono wake.

"Nikamwambia, acha ukaidi, mwenyewe umeomba. Akasema, 'Mdogo wangu anataka nifike kesho. Nikila sasa nitakuwa sina cha kungojea. Rudisha, wacha nijaribu.' Basi nikarudisha. Nisamehe, Mirdza. Labda ningemlazimisha."

"Zenta?" alisema Mirdza. "Nani aliwahi kumlazimisha Zenta?"

Meza iliendelea na mazungumzo yake. Mtu aliomba mkate upitishwe, mwingine akaupitisha. Kwa hiyo Zenta alijua. Mirdza alifikiri hivyo: alikuwa amemfunga dada yake kamba, na dada yake aliiona, akaishika mwenyewe kwa mikono miwili, mgonjwa, usiku mzima, ili tu asimwangushe. Na yeye alikuwa chumba cha pili, amelala.

Laimdota alirudi na bakuli akaona sahani iliyojaa. "Mama, kula kidogo. Imeshapoa, nikuletee ya moto?"

"Hapana," alisema Mirdza. "Niachie hii."

Akachukua uma, akala. Hakuacha kitu. Ilikuwa tamu kweli, kama watu wote walivyosema, na kila tonge alilolimeza alijua lilikuwa la nani.